Albumini ilisingiziwa kiasi gani? Uchambuzi wa kisa kimoja cha maabara ya figo

Kisa hiki kilitokea katika maabara niliyokuwa nikiisimamia. Nimeondoa majina, mahali, kampuni iliyotuuzia protini na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mwanafunzi aliyeifanya kazi. Mpangilio wa matukio nimeuacha ulivyokuwa, pamoja na sehemu zinazoniaibisha mimi mwenyewe.

Usuli

Kichujio cha figo kikianza kuvuja, albumini, protini kuu ya damu iliyopaswa kubaki humo, hupita na kumwagika ndani ya mirija. Wagonjwa wanaopoteza protini nyingi kwenye mkojo ndio ambao figo zao kwa kawaida huchakaa haraka, na ukikitazama kipande cha figo hiyo kwa hadubini unaona kwamba tatizo halikuishia kwenye kichujio. Nafasi zilizo kati ya mirija zimejaa seli za kinga, na baadaye makovu. Swali la miaka mingi ni kama albumini yenyewe ndiyo inayowasha moto huo, au ni mpita njia tu aliyekutwa mahali pabaya.

Seli za mirija ya mwanzo ya nefroni zina vipokezi viwili vikubwa, megalini na kubilini, vinavyoinasa albumini na kuiingiza ndani ya seli. Hoja iliyozoeleka inasema kwamba seli hizo zikilishwa albumini kupita kiasi hulemewa, huwasha njia ya NF-kB (mfululizo wa ishara unaofungua jeni za inflamesheni), kisha hutoa kemokini, yaani protini zinazoita seli za kinga, kama MCP-1, inayoita monosaiti, na IL-8, inayoita nyutrofili. Ni hoja tamu, kwa sababu inaunganisha kichujio kinachovuja na inflamesheni ya mirija kwa mstari mmoja ulionyooka. (Natumia neno inflamesheni kwa makusudi. "Uvimbe" limezoeleka zaidi, lakini ndani ya sahani ya maabara hakuna kinachovimba. Kilichopo ni seli zinazopiga kelele za kuita kinga.)

Mwanafunzi wetu wa uzamili alipewa swali linaloonekana dogo: albumini inaifikia NF-kB kwa kupitia wapi? Alitumia seli za HK-2, ukoo wa seli za mirija ya mwanzo ya figo ya binadamu uliotengenezwa kwa jeni E6 na E7 za kirusi cha HPV 16 na kuelezwa mwaka 1994. Alizipa albumini ya ng'ombe, miligramu 10 kwa kila mililita, katika kimiminiko cha lishe chenye seramu kidogo. Kwa ulinganisho alikuwa na seli zisizopewa kitu, na nyingine zilizopewa dekstrani, sukari ya molekuli kubwa, ili tusije tukadanganywa na mgandamizo wa osmosi.

Njia yenyewe, kwa anayeisahau

NF-kB ilielezwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore, waliokuwa wakichunguza seli B za kinga. Leo tunajua ipo karibu katika kila seli. Wakati wa utulivu hukaa nje ya kiini, imeshikwa na protini iitwayo IkB-alfa. Ishara ikifika, kimeng'enya IKK-beta huibandika IkB-alfa fosfeti kwenye serini ya 32 na ya 36. Alama hiyo huvuta yubikwitini, na protiasomu huisaga IkB-alfa. Hapo p65 na mwenzake p50, sehemu mbili zinazounda NF-kB, wanakuwa huru, wanaingia kwenye kiini na kufungua jeni za MCP-1, IL-6, IL-8 na nyingine nyingi.

Mojawapo ya jeni zinazofunguliwa ni ya IkB-alfa yenyewe. Njia inajitengenezea breki. Ndiyo maana, kichocheo kikiwa kikali, IkB-alfa hupotea ndani ya dakika 15 hadi 30, halafu inarudi baada ya kama saa moja hivi. Umbo hilo la kushuka na kupanda msomaji alishike, kwa sababu ndilo lililokuja kutuokoa.

Jambo jingine ni kwamba IKK ni kivuko cha wengi. TNF-alfa, protini inayobeba ishara ya inflamesheni, akitokea kwenye kipokezi TNFR1 anapita hapo. Interleukini-1 inapita hapo. Lipopolisakaridi ya ukuta wa bakteria, ikitokea kwenye kipokezi chake TLR4, inapita hapo. Angiotensini II na oksijeni tendaji nazo husukuma watu kuelekea hapohapo. Ukisimama upande wa pili wa kivuko na kuhesabu wanaoshuka, utajua kwamba watu wamevuka. Walikotoka hutajua.

Kilichotokea

Matokeo ya kwanza yalikuwa mazuri kupita kiasi. Dakika ya 30 baada ya kuongeza albumini, bendi ya IkB-alfa kwenye westani bloti (kipimo kinachoionyesha protini kama bendi, yaani mstari) ilikuwa imefifia karibu kutoonekana. Dakika ya 90 ilikuwa imerudi. Picha za mng'aro zilionyesha p65 imejaa kwenye kiini. Baada ya saa 24, ELISA, kipimo cha wingi wa protini, ilionyesha MCP-1 na IL-8 zimepanda mara kadhaa. Mwanafunzi akaongeza BAY 11-7082, dawa inayojulikana kama kizuizi cha IKK, na kila kitu kikazimika. Dekstrani haikufanya lolote. Tulirudia mara tatu, na mara zote tatu majibu yalikuwa yaleyale.

Tukaandika muhtasari kwa ajili ya mkutano, ukakubaliwa. Rasimu ya makala ikaanza. Mimi ndiye niliyeandika sentensi iliyosema kwamba albumini "inawasha NF-kB moja kwa moja". Neno "moja kwa moja" halikuwa na jaribio hata moja nyuma yake.

Kisha chupa ya albumini ikaisha, vikabaki vichupa vichache tu kwenye friza, tukafungua ya bechi nyingine. Mwitikio ukaporomoka. IkB-alfa haikushuka dakika ya 30, p65 ikabaki nje ya kiini, na MCP-1 ikapanda kidogo tu, tena kwa kuchelewa. Kila mtu mle ndani, nikiwemo mimi, alisema bechi mpya imeharibika. Tukapoteza wiki tatu tukilaumu inkubeta, umri wa seli na kingamwili za bloti, na tukawaomba wauzaji watutafutie chupa nyingine za bechi ya zamani. Hazikuwepo. Naishukuru bahati hiyo mpaka leo.

Mwanafunzi aliyawasilisha matokeo kwenye semina ya ndani. Mwenzetu mmoja wa kundi jirani, ambaye kazi yake ni makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu), akauliza kama albumini ile ilipimwa endotoksini, jina jingine la lipopolisakaridi ya bakteria.

"Mwalimu, chupa imeandikwa usafi asilimia 98," mwanafunzi akajibu.

"Asilimia 98 ya nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Usafi ule ulikuwa wa protini: unaendesha sampuli kwenye jeli, unaipaka rangi, unaangalia ni kiasi gani cha rangi kimeangukia albumini. Lipopolisakaridi si protini. Rangi ile haiioni kabisa.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kusimamisha rasimu siku ileile. Haukuwa mgumu kifedha wala kiutawala, lakini ulimuuma mwanafunzi, ambaye tayari alikuwa na matokeo ya kutosha kuandika tasnifu. Nilimwambia kwamba tasnifu itaandikwa, ila swali lake limebadilika.

Wa pili ulikuwa jinsi ya kuutenganisha mchango wa albumini na wa endotoksini. Kwa kawaida watu hutumia joto: protini huharibika, lipopolisakaridi hustahimili. Hustahimili hata nyuzi 121 za otoklevu. Vyombo vya kioo huondolewa endotoksini kwa joto kavu la nyuzi 250 kwa nusu saa. Lakini albumini ya miligramu 10 kwa mililita ukiichemsha inaganda kama ute wa yai, na uji ule huwezi kuumwagia seli halafu ukasema unajua umewapa nini. Tukaamua kutumia protinezi K kuikatakata albumini, kisha kuua protinezi yenyewe kwa joto. Hatua hii ya pili si ya kuruka. Seli za mirija ya figo zina vipokezi vya aina ya PAR2 vinavyowashwa na vimeng'enya vinavyokata protini, na protinezi iliyobaki hai ingeweza kutuletea inflamesheni ya tatu juu ya zile mbili tulizokuwa tukizitenganisha.

Albumini ya bechi ya zamani, sasa ikiwa vipande visivyo na umbo, iliiporomosha IkB-alfa dakika ya 30 kama kawaida yake. Nilitazama bloti ile kwa muda mrefu.

Wa tatu ulihusu kizuizi. Polimiksini B hushika sehemu ya mafuta ya lipopolisakaridi na kuibatilisha, ni rahisi, na maabara nyingi huitumia. Kwa seli za figo niliikataa, ingawa mwenzetu wa makrofaji aliona nazidisha. Polimiksini ni sumu kwa seli za mirija ya mwanzo, na huingia ndani yake kupitia megalini, mlango uleule wa albumini. Kama polimiksini ingepunguza MCP-1, tungekuwa na maelezo matatu: imeshika endotoksini, imeizuia albumini mlangoni, au imeziumiza seli mpaka zishindwe kutoa chochote. Jaribio lenye maelezo matatu halina faida kwa mtu ambaye tayari amechanganyikiwa.

Badala yake tulichukua TAK-242, dawa ya kuzima TLR4 inayojibandika kwenye sisteini ya 747 upande wa ndani wa TLR4, na kando yake tukapunguza TLR4 kwa siRNA, vipande vya RNA vinavyonyamazisha jeni. Njia mbili zenye kasoro tofauti. Tulizijaribu pia seli zilezile kwa TNF-alfa, ili kuhakikisha kwamba TAK-242 haizimi NF-kB yote.

Uamuzi wa nne ulikuwa kipimo chenyewe. Kipimo cha LAL hutumia dondoo la chembe za damu ya mnyama wa bahari wa jenasi Limulus, ambazo huganda zikikutana na endotoksini. Ni kipimo kikali, lakini protini nyingi zinaweza kukipumbaza, na beta-glukani za kuvu zinaweza kukifanya kitoe jibu la uongo. Kwa hiyo tulipima kwa viwango kadhaa vya kuzimua, na kwenye kila kimoja tukaongeza endotoksini ya kiasi kinachojulikana ili kuona kama inarudi kusomeka. Inayokubalika ni urejeo kati ya asilimia 50 na 200. Sampuli zisizozimuliwa zilishindwa. Zilizozimuliwa vya kutosha zilipita.

Wa mwisho ulikuwa kuhusu muhtasari uliokwisha kukubaliwa. Mmoja wetu alipendekeza tuuache, kwa kuwa muhtasari si makala na hakuna anayeukumbuka. Tuliwaandikia waandaaji, tukabadilisha kichwa, na mwanafunzi akaenda na bango jipya.

Matokeo

Bechi ya zamani ilikuwa na endotoksini nyingi, ile mpya ilikuwa na kidogo sana. TAK-242 ilifuta mwitikio wa dakika ya 30 wote, na siRNA ilipunguza sehemu kubwa yake. TNF-alfa iliendelea kufanya kazi kama kawaida katika seli zilizopewa TAK-242.

Kilichobaki kilikuwa kidogo, ila kilibaki. Albumini safi iliendelea kupandisha MCP-1 taratibu baada ya saa 24, bila kuigusa IkB-alfa mapema na bila kujali TAK-242. Tulipotumia albumini iliyoondolewa asidi za mafuta, hata hicho kilipungua. Albumini ni mbebaji: hutembea na asidi za mafuta mgongoni, na seli ikiimeza inameza na mzigo. Mwanafunzi aliandika tasnifu yake juu ya mabaki haya, kwa madai membamba zaidi, na akatetea bila shida.

Uchambuzi: kilichofaa

Mkondo wa wakati ulikuwa shahidi bora kuliko bendi yoyote moja. Kuporomoka kwa IkB-alfa ndani ya nusu saa na kurudi kwake ni tabia ya kipokezi cha juu ya utando kilichoshikwa ghafla: TLR4 huita MyD88, IRAK4, TRAF6 na TAK1, na ndani ya dakika chache IKK imeamka. Albumini inayolazimika kwanza kunaswa, kumezwa na kusagwa kwenye lisosomu haina haraka hiyo. Tulikuwa na data hizi tangu wiki ya kwanza. Tungejiuliza tu kasi ile inatoka wapi, tungeshuku mapema. Tuliusoma mkondo kama uthibitisho kwa sababu ulifanana na picha za vitabuni, na picha za vitabuni nyingi huchorwa kwa TNF au lipopolisakaridi!

Daftari lilifaa pia. Mwanafunzi alikuwa akiandika namba ya bechi kwa kila jaribio, jambo ambalo wengi wetu huliona la kikarani. Bila hilo tusingeweza kurudi nyuma na kuona kwamba mpaka kati ya "inafanya kazi" na "haifanyi" ulipita kati ya chupa mbili.

Uchambuzi: kilichoshindikana

BAY 11-7082 ilitupa uhakika ambao haikuwa nao. Hata ingekuwa kizuizi safi cha IKK, na siyo, kwani hugusa vimeng'enya vingine kadhaa vikiwemo vya mfumo wa yubikwitini, ingeonyesha tu kwamba MCP-1 inahitaji NF-kB. Hilo lilikuwa linajulikana. Kufunga kivuko na kuona watu hawavuki hakukuambii walikuwa wanatoka kijiji gani. Kizuizi kilichohitajika ni cha juu ya mto, kwenye kipokezi, na hicho hatukukiweka mpaka tulipobanwa.

Dekstrani ilijibu swali la osmosi na si lingine, lakini kuwepo kwake kwenye kila mchoro kulitufanya tujione tuna ulinganisho wa kutosha. Tulikosa ulinganisho wa uchafu: protini nyingine iliyopita katika mikono na maji yaleyale.

Dozi nayo ilichangia. Fanya hesabu kidogo: uniti 10 za endotoksini ni sawa na takriban nanogramu 1 ya lipopolisakaridi ya E. koli. Albumini yenye uniti 10 kwa miligramu inasikika safi. Ukiiweka kwa miligramu 10 kwa mililita, umezipa seli uniti 100, yaani kama nanogramu 10 za lipopolisakaridi kwa kila mililita. Kwenye majaribio ya saitokini, ambako protini hutumika kwa nanogramu, uchafu wa kiwango hicho ungepotea. Kwenye albumini unazidishwa na wingi wa albumini yenyewe. Na seramu tuliyoiacha kwenye kimiminiko ilikuwa na LBP na CD14 iliyoyeyuka, protini zinazoibeba lipopolisakaridi na kuikabidhi kwa TLR4 na mwenzi wake MD-2. Tulikuwa tumeandaa mapokezi kamili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba onyo lilikuwepo wazi. Mwaka 2003 ilionyeshwa kwamba makrofaji waliotoa TNF-alfa wakipewa protini ya HSP70 walikuwa wakijibu endotoksini iliyoingia na protini hiyo kutoka kwa bakteria walioitengeneza. Nilikuwa nimewahi kuifundisha habari hiyo darasani. Niliiweka kwenye kabati la "mambo ya watu wa makrofaji", kana kwamba seli za figo hazina TLR4.

Nazo zinayo, na hapa ndipo kisa kinapogeuka kidogo. TLR4 ilitambuliwa kuwa kipokezi cha lipopolisakaridi mwaka 1998, kwa panya wa aina ya C3H/HeJ waliozaliwa na mabadiliko kwenye jeni hiyo, kazi iliyochangia Bruce Beutler kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011. Katika figo kipokezi hiki kina kazi halisi. Mgonjwa mwenye bakteria kwenye damu huchuja lipopolisakaridi mpaka kwenye mirija. Hata bila bakteria, seli zilizoumia kwa kukosa damu humwaga HMGB1, protini inayoiwasha TLR4, na panya wasio na TLR4 huumia figo kwa kiasi pungufu kuliko panya wa kawaida damu inapokatwa na kurudishwa. Kwa hiyo mwitikio tuliouona ulikuwa wa kweli, katika seli za kweli za figo, kupitia njia inayohusika na ugonjwa. Tuliandika tu jina lisilo lake kwenye mhimili wa mchoro. Na hapa napishana na baadhi ya wenzangu wanaosema data za miezi ile zilikuwa takataka: ukiziita majaribio ya lipopolisakaridi, ni majaribio mazuri, yamerudiwa mara tatu, na dekstrani juu.

Kuna swali moja ambalo kisa hiki hakilifungi. Albumini ya mgonjwa si ya chupa. Inafika kwenye mirija ikiwa imebeba asidi za mafuta, na pengine imebadilishwa na sukari au oksijeni tendaji, tena inafika kwa miaka, si kwa saa 24. Mwitikio wetu mdogo wa kuchelewa unaweza kuwa mdogo ndani ya sahani na mkubwa ndani ya mtu. Hatukuwa na jaribio la kusema lolote juu ya hilo, na tasnifu haikusema.

Baada ya hapo

Sasa kila protini inayoingia maabara inapimwa LAL kabla ya kugusa seli, hata ile iliyoandikwa kwamba haina endotoksini, na kila bechi mpya inaendeshwa sambamba na ya zamani angalau mara moja. Vichupa vichache vilivyobaki vya bechi ile ya kwanza vipo kwenye friza, vimeandikwa kwa wino mwekundu. Mwanafunzi mpya akija kujifunza bloti ya IkB-alfa, tunampa kimoja bila kumwambia kina nini, halafu tunamwachia mwenyewe aeleze kwa nini dakika ya 30 bendi imepotea.